Nyuma ya Tandala

Sifa ni kwa Mungu, aliyeniamsha leo tena nikasikia mvua ikigonga mabati, akaniachia magoti ambayo bado yanakunjika nikaweza kumwomba. Yeye hutuona tukijificha, na hutuona vilevile tunapojionyesha. Nina mengi ya kumshukuru: mke niliyezeeka naye, wajukuu, kanisa letu dogo, chai ya asubuhi. Namshukuru pia kwa aibu, ingawa shukrani hiyo imenichukua muda kujifunza. Naandika jinsi aibu ilivyonijia nikiwa na mvi kichwani, nyumbani kwangu Sarang'ombe, hapa Kibera, nikiwa nimevaa koti la Jumapili na nimezungukwa na wageni.

Nina pembe ya baruti iliyokuwa ya baba yangu. Ni pembe ya ng'ombe, nyeusi, yenye kizibo cha mti, na ubavuni baba alichora kwa kisu alama ya ukoo wetu, ileile aliyowatia ng'ombe wake. Imetundikwa kwenye msumari juu ya kiti changu, karibu na kalenda ya kanisa. Vijana wakija kunisalimu, Biblia iko mezani na hawaiulizii. Huiulizia pembe.

Nami huwaeleza kwa furaha. Gobori ni bunduki ya kizamani inayoshindiliwa kwa mdomo. Kwanza unamimina baruti mtutuni kwa kipimo. Kisha unachukua kipande cha kitambaa cha marekani kilichopakwa mafuta ya mkia wa kondoo, unakitandika juu ya mdomo wa mtutu, na juu yake unaweka risasi ya mviringo kama gololi, ambayo sisi tuliisubu wenyewe kwa madini ya betri kuukuu za magari. Unasukuma kwa mdeki, ile fimbo ndefu, mpaka vyote viwili vikae juu ya baruti kwa kubanana. Kitambaa huikumbatia risasi isicheze ndani. Bunduki ikilia, risasi huenda zake, na kitambaa huanguka hatua chache mbele kikifuka moshi. Mwindaji mzuri hukiokota na kukisoma. Kikiwa kimechanika au kimetoboka katikati, mshindiliaji alikosea. Kikiwa kizima, kimeungua kidogo pembeni sawasawa, ujue risasi ilikwenda palepale mtutu ulipoelekezwa.

Haya ya kusoma kitambaa niliyajua tangu ujana. Katika hadithi yangu sikuyasema kamwe, kwa sababu yaliharibu kicheko.

Hadithi yenyewe nimeisimulia karibu miaka hamsini. Nimeisimulia kwa mafundi wenzangu wa mbao, kwenye mikesha ya matanga, kwenye ushirika wa wanaume kanisani. Ilikuwa hivi. Kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji, huko kwetu Kitui, baba yangu alikuwa na gobori ambalo babu yake alilipata kwa watu wa misafara ya pwani. Wawindaji wengine walikuwa na pinde na mishale. Macho ya baba yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo katika mwaka mmoja wa ukame alimwalika mpigaji kutoka upande wa Machakos, kijana aliyesifiwa kwa shabaha. Mimi, mwanawe niliyekuwa nimeshaota ndevu na kuanza kutafuta mke, nilibeba pembe na mfuko wa vitambaa.

Tukampata tandala dume amesimama kwenye uwazi, ubavu wote nje, karibu kiasi kwamba hata mtu wa kutupa jiwe asingemkosa. Mpigaji akapiga goti. Akalenga. Hapo mimi huwa nasimama, nakamata fimbo yangu ya kutembelea kama bunduki na kuanza kutetemeka mikono. Mdomo wa gobori ukapanda, ukapanda, ukaangalia juu, halafu mlio na moshi. Mtu alikuwa amelipiga wingu. Tandala akaondoka bila haraka. Wazee wakamwuliza yule kijana ni malaika wangapi wameanguka, na je, wataliwa kwa ugali au kwa muthokoi. Toka siku ile akaitwa Mpiga Mawingu.

Na nilikuwa na maneno yangu ya kumalizia. "Msidhani nimeambiwa," ningesema. "Nilizunguka vichakani nikasimama ng'ambo ya pili, nyuma ya tandala, ili akianguka niwe wa kwanza kumgusa nipewe mkia. Lile gobori lilinitazama kama jicho la bundi kabla halijapanda juu." Watu walicheka hapo kuliko mahali pengine popote.

Hakuna aliyewahi kuuliza swali. Nami sikuwahi kujiuliza.

Mwaka jana mjukuu wetu wa kike, tuliyemlea baada ya mwanangu kufariki, alileta habari kwamba kuna kijana anataka kuja nyumbani. Kijana huyo ni fundi wa kuchomelea vyuma kule Kawangware, ametulia, na watu wake ni Wakamba kama sisi, asili yao Machakos. Mke wangu alifurahi mpaka akapaka rangi mlango. Tulikubaliana walete mbuzi wa ntheo. Kwetu Wakamba mbuzi hao wakishachinjwa nyumbani kwa msichana, yeye ni mke wa mtu. Wasipochinjwa, bado hajawa, hata kama mmekunywa chai ya mwaka mzima. Kwa kawaida mambo haya hufanyiwa kijijini, lakini shamba letu la Kitui lina magugu ya mbaruti tu siku hizi, na mke wangu hawezi tena safari ndefu. Tukasema Mungu wa kijijini ndiye huyuhuyu wa Kibera.

Basi wakaja. Mbuzi waliletwa kwa miguu toka Kawangware, na mjukuu wangu alicheka hadi machozi kunisimulia yaliyosemwa njiani. Pale Kisumu Ndogo mama mmoja muuza omena alimwuliza bwana harusi kama anapeleka mbuzi shule. Watu wa bodaboda nao walitaka kujua kwa nini nyama choma inajitembeza yenyewe. Mbuzi wakafungwa kwenye kichochoro, mlangoni kwetu, mmoja akala ufagio wa jirani.

Wageni waliingia kwa adabu. Alikuwepo babu ya kijana, mzee mrefu aliyejikunja kidogo, asiyesikia vizuri kwa sikio la kulia. Alikuwepo mjomba wa kijana, mwana wa mzee huyo, mtu mnene mwenye sauti, ndiye msemaji wao. Mimi nilikuwa msemaji wetu, nikisimama kwa niaba ya mwanangu marehemu. Tuliomba, tukala, tukasemezana kwa mafumbo yetu ya posa. Mambo yalikwenda vizuri kupita nilivyotarajia, na labda hapo ndipo kiburi kilipopata mlango.

Yule babu alikuwa akiitazama pembe. Aliitazama alipoingia, akaitazama tena wakati wa kula. Mwishowe akaniuliza ilitoka wapi. Nikaitungua, nikampa mkononi, nikamwambia ilikuwa ya marehemu baba. Akapitisha kidole kwenye ile alama ya ukoo, taratibu, kama mtu anayesoma. Nami, kwa kuwa wageni walikuwa wameshiba na nyuso zilikuwa zinaning'ang'ania, nikasimama na fimbo yangu.

Niliisimulia vizuri siku ile, Mungu anisamehe. Nadhani sijawahi kuisimulia vizuri zaidi. Nilitetemeka mikono mpaka vijana wa kwetu wakashika mbavu. Nilipofika kwenye jina, Mpiga Mawingu, nikaona mjomba ameweka kikombe chake chini na kukisukuma mbali. Nikadhani chai imepoa. Nikamalizia na bundi wangu.

Upande wetu ulicheka. Upande wao haukucheka.

"Mkwe," babu akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, "wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Nikamhurumia kwa sikio lake. Nikarudia kwa nguvu: "Ng'ambo ya pili, nyuma ya tandala."

"Nyuma yake kabisa?"

"Nyuma yake kabisa. Mgongo wake ulinifika hapa." Nikagusa kifua.

Akaitikia kwa kichwa. "Basi nilikuona vizuri," akasema.

Sijui kama msomaji amewahi kukanyaga ngazi ambayo haipo. Nilibaki na fimbo mkononi. Nje mbuzi alilia, na redio ya jirani ikaendelea kutangaza mpira. Nilimtazama yule mzee, nikatafuta usoni mwake kijana aliyepiga goti, nikampata. Alikuwa kwenye taya, na katika namna ya kukaa kimya. Alinitambua kwa alama ya baba yangu, akaketi akisubiri nimalize kumcheka.

Mjomba alisimama. Alisema jina lile walilijua kwao. Lilivuka mto likafika Machakos kabla ya mwenyewe kufika. Yeye na ndugu zake walipigana shuleni kwa ajili yake. Alisema hawakuletwa Kibera kutukaniwa baba. Kisha akawaambia vijana wao wafungue mbuzi.

Lazima nieleze hapa kwa asiye Mkamba. Mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Huwezi kumtania, huwezi kuutaja mwili wake, hata njiani humpiti kwa kusukumana. Mtu anayemfanyia mkwe mzaha mbele ya watu amelivunja jambo kabla halijafungwa, na wenzake wana haki ya kuondoka na mbuzi wao. Mjomba hakuwa mkali kupita kiasi. Alikuwa sahihi. Nilimwona mjukuu wangu amesimama kwenye pazia la jikoni, sinia mkononi. Hakunitazama. Alikuwa akitazama mlango, mahali kamba za mbuzi zilipoanza kulegea.

Nilitaka kusema kitu. Mimi, mzee wa kanisa, ninayeitwa kuomba katika kila sherehe, sikupata hata sentensi moja.

"Kaa chini," babu akamwambia mwanawe. "Mbuzi hawakuja kutembea." Kisha akaagiza kisu kinolewe, na akaomba aongezewe chai, kana kwamba kilichobaki ni suala la sukari tu. Mjomba alisimama kitambo. Halafu akaketi, maana baba yake alikuwa amenena.

Mbuzi walichinjwa kwenye uwanja mdogo nyuma ya kanisa, tukaimba, tukaomba. Ombi la kufunga aliliomba mtu mwingine. Mjukuu wangu ni mke wa mtu leo, naye ana furaha, na hilo sikulifanya mimi.

Walipoondoka, mke wangu alikaa kwenye kiti changu, jambo ambalo huwa halifanyi. Nilimwambia sikujua. Nilimwapia kwamba sikujua.

"Baba," akasema, "umeisema wewe mwenyewe tangu unioe. Bunduki ilikutazama, ikapanda juu. Mimi nilidhani unajua, unaificha kwa mzaha."

Hilo liliniumiza kuliko hasira ya mjomba. Nilikuwa nimeyabeba maneno hayo mdomoni miaka yote, nikiyatoa mbele ya watu kama sinia ya mandazi, na sikuyaonja hata siku moja. Nikakumbuka na kitambaa. Nilikiokota mimi siku ile, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu, nikakipeleka kwa baba huku nikicheka. Kilikuwa kizima. Kilikuwa kimeungua pembeni sawasawa, duara safi kama sarafu. Baba alikisogeza karibu na macho yake mabovu, akakigeuza, akaniuliza nilikuwa wapi bunduki ilipolia. Nikasema nyuma ya mpigaji, na mfuko, mahali pangu. Akakitia mfukoni, akasema kwa sauti ndogo, "Huyu alipiga alipotaka kupiga." Nikadhani anamstahi mgeni wake. Wale wengine walikuwa wanacheka, na kicheko kilikuwa kitamu, kwa hiyo nikaenda kwenye kicheko.

Kwa siku kadhaa sikuweza kusoma Neno bila kusikia sauti yangu mwenyewe ikiiga mtetemeko. Nilikwenda ushirika wa wanaume, mmoja akaomba ile ya Mpiga Mawingu kwa ajili ya mgeni aliyekuja. Nikasema koo linauma. Huo nao ulikuwa uongo, mdogo, lakini nilikuwa na mkubwa wa kushughulikia kwanza.

Nikaenda Kawangware kwa yule babu. Nilitembea, kwa sababu niliona si safari ya kwenda umekaa. Kwetu mtu aliyemkosea mkwe haingii nyumbani kwake. Husimama nje mpaka aitwe, na akikaliwa kimya, hukubali kimya. Nilisimama penye lango la ploti yao, pembe imefungwa kwenye kitambaa chini ya kwapa. Ploti ina bomba moja, na watu walikuwa wanapanga mitungi. Kijana mmoja alinipita mara mbili, kisha akaniuliza, "Mzee, umepotea ama uko kwa laini ya maji?" Nikamwambia namngoja mwenye nyumba ile ya mwisho. "Lakini yuko ndani," akasema, "si ubishe tu." Nikasema nitangoja. Akaniletea mtungi niukalie, Mungu ambariki, nami sikuukalia.

Alijua nipo. Nilimwona kupitia dirishani akinywa uji wake bila haraka. Sikuona ubaya. Mtu aliyengoja miaka yote hiyo ana haki ya kumaliza uji. Kisha akatokea mlangoni, akaniita, "Mkwe, jua litakuua. Ingia."

Nilipiga magoti kwenye saruji yake, naye akaniambia niinuke kwani hatanisaidia kuinuka, mgongo wake hauruhusu. Tukacheka kidogo, kicheko kibaya cha watu wawili wanaoogopa kinachofuata. Nikamwomba msamaha kwa jina, kwa kuliimba miaka yote, kwa kumvunjia heshima mbele ya wajukuu. Alisikiliza akinigeuzia sikio zima.

"Ungeniambia," nikasema. "Siku ileile nyikani ungeniambia."

"Ningekuambia vipi? Ulikuwa unacheka."

Akanieleza, na alieleza kama mtu anayesimulia habari za hali ya hewa. Aliona tandala, aliona kichwa cha mtu juu ya mgongo wa tandala. Alijua risasi ya gobori ikipata nyama laini hupita na kuendelea na safari yake. Kidole kilikuwa tayari kimeanza kuvuta, hakikuweza kurudi, kilichoweza kwenda mahali pengine ni mtutu tu. Angesema ukweli, mimi ningechapwa viboko mbele ya wawindaji wote kwa kuacha nafasi yangu, na baba yangu angetozwa fahali, katika mwaka ambao ng'ombe walikuwa wanakufa wenyewe. "Na baba yako," akasema, "asubuhi ile alinipa maziwa, nikaona hapakuwa na mengine ya kujipa yeye." Alidhani watacheka siku mbili. Hakujua kicheko kina miguu.

Hakuitwa tena kuwinda. Mchumba aliyekuwa naye, watu wake walimkataa. Akaja Nairobi akajifunza uashi, akaoa baadaye, akajenga nyumba za watu. Aliyataja hayo kwa kupita tu. Mimi ndiye ninayeyaandika kwa uzito, kwa sababu ni yangu. Nilipata mke kwa wakati wangu, nikapata watoto, nikapata mjukuu wa kumwozesha, na nilikuwa nikifanya hayo yote kwa uhai ambao mtu mwingine aliulipia jina lake.

Nikampa pembe. Nilimwambia ni yake, kwa haki. Akaifungua kizibo, akainusa, akafumba macho. Harufu ya baruti bado imo, kali, kama kiberiti kilicholowa. Kisha akairudisha mapajani mwangu.

"Kaa nayo," akasema. "Ila ukiitoa mbele ya watu, anza kwa kusema ulikuwa umesimama wapi."

Jumamosi iliyofuata niliisimulia kanisani kama alivyoniagiza. Sikusimama, wala sikushika fimbo. Nilianza na kichwa changu juu ya mgongo wa tandala, nikaenda kwenye kitambaa, nikamaliza na lango la Kawangware. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja rafiki yangu, mtu mwema asiyejua kuficha, aliniambia tukitoka kwamba ile ya zamani ilikuwa tamu kuliko hii. Nikamwambia ni kweli, ilikuwa tamu.

Yule mzee huja kwetu siku hizi, mjukuu akimleta. Haketi mbali na pembe. Huzungumza na mke wangu juu ya mvua ya Kitui, nami huwatilia chai. Kila nikimtazama aibu hurudi, haijapungua, na nimeacha kuomba ipungue. Huwa naomba inishike mdomo pale ninapotaka kusimama na fimbo.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akubariki na kukuzunguka. Akufunike siku unaposimama mahali usipopaswa kusimama. Awape waliokuinulia mtutu bila wewe kujua maisha marefu, ili uwahi kufika mlangoni kwao. Na ukiwafikia, akupe magoti ya kukunja na mtu wa kukuambia uingie. Amina.